Kumi na Nne Mlalo

Miaka minane Makokha alikuwa amemwoa Khalayi, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni. Hilo lisimshangaze mtu. Kwao Bungoma mkwe huheshimiwa kwa mbali: hamtazamani, hampeani mkono, hamli chumba kimoja, na jina lake halipiti kinywani mwako hata homa ikupande kichwani. Siku ya harusi yule mama alijifunika leso mpaka puani, naye Makokha akashinda akitazama viatu vyake mwenyewe. Mara moja tu, mwaka wa tisini na tatu, nusura wagongane kando ya Jogoo Road. Makokha aliruka mtaro, akajitosa kwenye kibanda cha fundi viatu, akavua kiatu kizima akadai kimetoboka. Mama mkwe naye aligeukia ukuta, akasoma tangazo la mganga wa mapenzi kwa makini, kama mteja. Kisha kila mmoja akashika njia yake, heshima ikiwa salama.

Hata hivyo, Nairobi nzima hapakuwa na mtu aliyemjua Makokha kama mama huyu alivyomjua.

Jina lake lilikuwa Asenath. Kwa kuwa Makokha hangeweza kulitaja, alimwita Mwalimu, kama walivyomwita wengine wote. Alifundisha Kiswahili katika shule za msingi miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akafiwa na mume, ndipo mwanawe Shiundu, mtu wa benki, akamleta kukaa naye Donholm. Huko alipewa chumba chake, redio yake na kiti chenye mito. Mwezi haujaisha, alikuwa ameichoka starehe hiyo. Mikono iliyozoea kusahihisha madaftari haijui kupakatwa.

Makokha alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha blanketi kule Viwandani. Kazi yake ilikuwa kuhesabu marobota yanayoingia na yanayotoka. Furaha yake ilikuwa chemshabongo, ile ya visanduku vya kujazwa majibu kwa mlalo na kwa wima. Kila Jumatatu alibandika moja kwenye ubao wa matangazo wa kantini, kwa pini nne za shaba alizojinunulia mwenyewe. Si chemshabongo ya kuulizana mji mkuu wa Uganda. Yake ilikuwa ya mafumbo: kila kidokezo kilisema jambo moja kikawaza lingine, na ilibidi ukizungushe mkononi kama mfuko wa unga usiojulikana unafunguliwa upande gani. Saa ya chakula watu walisongamana pale ubaoni, ugali ukawapolea mikononi.

Ushirika wake na Mwalimu ulianza kwa omena. Khalayi alikuwa na kibanda cha mboga na omena katika soko la Jericho, na Jumapili moja ya mwaka wa tisini na moja alimfungia mamake omena kidogo katika karatasi ya kwanza aliyoikuta mezani. Juma lililofuata karatasi ilirudi, inanuka samaki, imejaa wino mwekundu. Juu kabisa: "11 kwa 20." Kando ya namba nne: "Hiki kinadanganya." Makokha alipandwa na hasira. Alizunguka nyumba mara tatu, na nyumba yenyewe ni ya kaunsili, vyumba viwili tu. Halafu akaketi, akakisoma tena, akaona kwamba kweli kilidanganya.

Tangu hapo ikawa desturi. Jumamosi Makokha humaliza kuchora. Jumapili baada ya ibada Khalayi huitia karatasi katikati ya kitabu chake cha nyimbo, hutembea mpaka Donholm kumjulia mamake hali, na jioni hurudi nayo imesahihishwa. Usiku ule Makokha huinakili upya, na Jumatatu huibandika.

Mwalimu hakuwa na huruma. Makokha alipojaribu kile cha nyumba isiyo na mlango, aliandikiwa: "Yai. Hiki ni cha darasa la pili. Wafanyakazi wako wana ndevu." Alipoandika, *Alimpokonya kisu mumewe, ndani mlikuwa na mji wa ziwani*, jibu likiwa Kisumu, lililolala katikati ya "kisu" na "mumewe", alisifiwa nusu: "Safi. Lakini kwa nini watu wako wanapigana kila wiki? Kuna nini huko Jericho?" Na alipoandika, *Inama, kisha rudi nyuma: utaipata*, kwa maana "inama" ukiisoma kutoka mwisho unapata amani, wino mwekundu ulimwuliza: "Utaipata nini? Umempa mtu ufunguo, hukumwonyesha mlango. Sema: upate utulivu." Makokha akarekebisha. *Inama, kisha rudi nyuma, upate utulivu.* Alikariri kidokezo hicho njia nzima mpaka kiwandani, raha imemjaa.

Sheria ya Mwalimu ilikuwa moja, na aliipigia mstari mara mbili: "Kidokezo kina ruhusa ya kuficha. Hakina ruhusa ya kudanganya. Ukificha, mtu akipata jibu hucheka. Ukidanganya, hutupa kalamu."

Tena alidai ripoti ya kantini. Nani ametatua? Nani amelalamika? Kidokezo gani kimewashinda? "Mwalimu asiyejua wanafunzi walikosea wapi," aliandika, "amefundisha ukuta." Basi kila Jumapili pamoja na fumbo jipya alipelekewa habari za lile la nyuma: Qamar wa kushona pindo amemaliza wa kwanza, Caleb wa boila la mvuke amebisha namba tatu wima mpaka king'ora kikalia. Mwalimu aliwajua watu hao kama majirani zake. Alijua kwamba Caleb hubisha hata jibu likiwa sahihi.

Na Khalayi? Khalayi alibeba tu. Mwaka wa kwanza wa ndoa aliwahi kujaribu fumbo moja. Alijaza jibu kwa kalamu ya wino, si penseli, na jibu halikuwa lenyewe. Makokha hakumgombeza. Alicheka, akachukua karatasi nyingine, akachora visanduku vyote upya. Khalayi hakugusa tena. Makokha alisahau siku ileile, na huo ndio ubaya wa vicheko vya namna ile, anayecheka hasikii uzito wake.

Sasa tuje kwenye mwaka wa tisini na sita. Ijumaa ya pili ya Agosti, saa ya chakula, Makokha alikuta watu wamesongamana ubaoni kuliko kawaida, na hakuna aliyecheka. Chemshabongo yake ilikuwa imefunikwa. Juu yake ilibandikwa karatasi ya majina tisini na mawili, kwa pini zake nne za shaba. Wakubwa walikuwa wamesema blanketi za mitumba zimeua soko na nusu ya mashine zitanyamaza. Alisoma majina kwa utaratibu wa karani, kutoka juu kwenda chini, na alipofika lake akaendelea mpaka mwisho, asije akawa ameruka mtu. Qamar alikuwemo. Caleb alikuwemo, na kwa mara ya kwanza hakubisha. Watu walipotawanyika Makokha alitoa zile pini, kwa sababu zilikuwa zake. Karatasi ya majina ikaanguka. Aliiokota, akaisimamisha kwenye ukingo wa ubao, akaenda zake.

Nyumbani Khalayi alikuwa akimwosha binti yao Whitney miguu karaini.

"Kazi ilikuwaje?" aliuliza.

"Kama kawaida."

Neno lilitoka lenyewe. Makokha alikusudia kulirekebisha Jumamosi. Jumamosi Khalayi alikuwa na wateja. Jumapili kulikuwa na ibada, na Donholm. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi akajikuta amevaa koti, na Khalayi anamkabidhi mkebe wake wa chapati mbili na maharagwe, na mguu ukavuka kizingiti kama ulivyovuka miaka kumi na miwili. Uongo una tabia hiyo. Siku ya kwanza unaubeba wewe. Siku ya tatu unakubeba.

Wiki zile Makokha hakuketi. Asubuhi alipita malango ya Viwandani, moja baada ya jingine, akasoma vibao vya "Hakuna Kazi" vilivyochorwa kwa rangi iliyokwisha kupauka. Hakuweza kurudi kupitia soko la Jericho, maana Khalayi yupo. Hakuweza kupita Makongeni, maana Caleb anakaa huko na Caleb ana mdomo. Saa tatu maktaba ya Kaloleni ilipofunguliwa aliingia, akafungua gazeti, akasoma mistari minne, akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akainuka tena, mpaka mama wa maktaba akamwuliza kama ana mgonjwa. Mchana alikula chapati zake nyuma ya jengo, haraka, amesimama, macho njiani. Alasiri alikwenda mpaka Eastleigh, First Avenue, kwa Aden, mwuzaji wa vitambaa vya jumla, aliyemwambia mara tatu kwamba karani wake huenda akaondoka, arudi wiki ijayo. Saa kumi na moja unusu alijipangusa vumbi na kuingia nyumbani amechoka kweli. Kidogo alichopewa langoni mwa kiwanda siku ya kuachishwa alikitoa mwisho wa mwezi katika bahasha kama ile ya mshahara.

"Siku hizi stoo inatembea?" Khalayi alimtania jioni moja, akiinua kiatu chake na kutazama soli.

"Kazi imeongezeka," Makokha alisema, akamega ugali.

Mafumbo hayangeweza kukoma. Yangekoma, Khalayi angeuliza. Kwa hiyo aliendelea kuchora, kila wiki, kwa ajili ya ubao ambao haukuwa wake tena. Na kwa kuwa Mwalimu alidai ripoti, alitunga ripoti. Hapo kwenye ripoti ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, maana ripoti za uongo zina ugonjwa mmoja: hazina mkorofi. Wote walifurahi. Wote walitatua. Caleb wa boila, katika ripoti hizo, akawa mtu mpole ajabu.

Aliamini yuko salama, na imani hiyo ilikuwa ya mtu wa kwao hasa. Alijiambia: jirani ataona, rafiki ataona, mke huenda akaona. Lakini mama mkwe? Yule ndiye mtu pekee duniani aliyekatazwa kunitazama.

Wiki ya tano, siku ya Jumatano, pale maktabani, kilimjia kidokezo kilichomfanya acheke peke yake. Kumi na nne mlalo: *Kikiota nyasi, ng'ombe hashibi, mwenyewe hulia.* Jibu, kibarua. Ni usemi wa kila mtu mtaani. Kibarua kikiota nyasi, umefutwa kazi. Alikitazama, akakipenda, akachora visanduku vyake. Hata hakujiuliza kimetoka wapi.

Jumapili ile karatasi ilirudi bila alama nyekundu hata moja. Hakuna mstari, hakuna swali, hakuna ndevu za wafanyakazi. Juu tu: "Nenda nalo hivyo hivyo." Katika miaka mitano halijatokea. Makokha alimwonyesha Khalayi, alimwonyesha Whitney aliyekuwa na miaka sita na hakujali, akaitoa mfukoni na kuisoma tena. Alichukua hata zile pini nne kutoka kwenye kopo la chumvi tupu, akaziweka kiganjani. Kisha akakumbuka kwamba hana ukuta, akazirudisha. Furaha ile ilimuuma kuliko siku ya majina.

Juma lililofuata alituma fumbo jipya na ripoti ya lile la sifa. "Wote wametatua. Qamar alimaliza kabla chai haijapoa. Hakuna lalamiko."

Khalayi alirudi jioni mikono mitupu.

"Karatasi iko wapi?"

"Mama amesema ungoje."

"Ningoje nini?"

"Baba Whitney, mimi ni posta, si mwandishi. Alisema ungoje." Alivua viatu, akakanda vidole vya miguu. "Tena aliuliza kama unakula vizuri."

Wiki hiyo ndiyo ilikuwa ndefu. Makokha hakuchora kitu. Maktabani alimaliza penseli kwa kuichonga tu. Anajua, alijiambia. Hajui, angejuaje? Anajua, na Jumapili atamwambia bintiye, wakiwa jikoni kwa Shiundu, na Khalayi atarudi akiwa ameshasikia kutoka kwa mwingine. Hilo ndilo lililomtia jasho. Kazi imekwenda, sawa, kazi huenda. Lakini Khalayi alikuwa amefunga chapati asubuhi thelathini na zaidi kwa mtu asiyekuwa na pa kwenda. Kila jioni alimpeleleza uso anapoweka ugali mezani. Uso ulikuwa uleule, na uleule wake ulimtisha.

Siku tatu alitembea kuelekea Donholm. Mara ya kwanza aliishia barabarani. Mara ya pili alifika mtaa wenyewe. Mara ya tatu aliona lango la Shiundu, jeusi, na nguo zimeanikwa nyuma yake. Angefanya nini? Mkwe asimame langoni apige hodi, mama mkwe atoke, watazamane? Amwite kwa jina gani? Miaka mitano walikuwa wameambizana kila kitu, na hakuwa na njia ya kumwambia neno moja kwa mdomo. Aligeuka akarudi Jericho kwa miguu, na kufika kwake alikuta amepita nyumba yake mlango mzima.

Jumapili Khalayi alileta bahasha. Imefungwa kwa gundi.

"Tangu lini mnaandikiana kwa bahasha?" aliuliza, akiitoa ndani ya kitabu cha nyimbo. Hakucheka sana.

Makokha aliichukua akatoka nje, nyuma ya nyumba, penye bomba, ambapo watoto walikuwa wakiruka blada, kamba yao ya mpira. Mwandiko ulikuwa uleule wa ubao wa darasani, mnyoofu, ila safari hii wino ulikuwa wa buluu.

"Baba Whitney,

"Itoe ile karatasi ya 'nenda nalo hivyo hivyo' uhesabu kumi na nne mlalo. Jibu lina herufi saba. Umechora visanduku sita. Tangu tuanze, hujawahi kukosea kuhesabu.

"Nililiona kosa siku ileile nikaliacha kusudi. Ripoti zako zilikuwa zimekuwa tamu mno. Watu wa kantini nzima hawakubaliani hata juu ya sukari ya chai, seuze mafumbo, na Caleb hajabisha mwezi mzima. Nikasema, fumbo hili likibandikwa, Jumatatu patawaka moto. Litang'olewa ukutani. Nawe ukaniandikia kwamba Qamar alimaliza kabla chai haijapoa. Ndipo nikajua halikubandikwa. Na wewe, ukiwa na ukuta, huwezi kuacha kubandika. Halafu nikakisoma tena kidokezo chenyewe, na sikuhitaji kingine.

"Sikuulizi tangu lini, wala sikulaumu kwa kazi. Baba yake Khalayi aliachishwa mara mbili. Nakulaumu kwa ripoti. Kuficha nilikuruhusu. Ile haikuwa kuficha.

"Sitamwambia mwanangu. Usidhani nakuhurumia. Jibu hili si langu kulijaza. Umelileta kwa mtu asiyelala katika nyumba yako, ukampita mwenye nyumba mlangoni. Usinitumie jingine mpaka yeye awe amelisoma hili."

Makokha aliitoa karatasi kwenye koti. Akahesabu kwa ncha ya kidole. Sita. Akahesabu tena kutoka upande wa pili, kama robota lililopotea litatokea. Sita. Karani wa miaka kumi na miwili, aibu ilimshika masikio. Halafu aibu hiyo ikapita, ikaja ile kubwa.

Aliingia ndani. Khalayi alikuwa ameketi kwenye kigoda akikata sukuma wiki, kisu kinakwenda upesi bila yeye kukitazama. Makokha alikwenda dirishani. Alikwenda mlangoni. Alirudi dirishani.

"Kwani umekalia siafu?" Khalayi alisema. "Keti chini, unanitia kizunguzungu."

Hakuketi. "Mama Whitney, kazi iliisha."

"Kazi gani?"

"Ya kiwanda. Mwezi wa nane. Waliandika majina, na langu likawa ndani."

Kisu kilisimama. Alikuwa na majani mkononi, ameyakunja sawasawa, na hakuyaachia.

"Mwezi wa nane," alisema. Midomo ilikwenda kidogo, akihesabu. "Hizo ni wiki saba. Na zile chapati, ulikuwa unakulia wapi?"

Katika maswali yote aliyojiandalia, hilo halikuwemo.

"Kaloleni. Nyuma ya maktaba."

"Ulikuwa unaketi wapi?"

"Nilikuwa nasimama."

Khalayi alitikisa kichwa polepole. Macho yalikuwa yamejaa lakini sauti ilikuwa kavu. "Nani mwingine anajua?"

Hapa Makokha angeweza kusema hakuna. Neno lilikuwa tayari, jepesi, kama lile la "kama kawaida". Badala yake alinyosha mkono, akampa bahasha.

"Mama yako. Aliligundua mwenyewe, kwenye mafumbo. Ameandika leo."

Khalayi aliweka majani siniani, akapangusa mikono kwenye leso, akasoma. Alisoma mara moja, bila haraka, mpaka chini. Nje Whitney alikuwa akigombana na wenzake juu ya zamu. Makokha alingoja kilio, au sinia irushwe. Angeshukuru kwa sinia.

"Ni mimi nilikuwa nabeba," Khalayi alisema.

"Mama Whitney..."

"Ngoja. Kila Jumapili. Ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Kwa miguu mpaka Donholm, kwa miguu kurudi. Nilikuwa nabeba habari za nyumba yangu mwenyewe chini ya kwapa, na mimi ndiye sikuzijua." Alikunja barua kwa mikunjo yake ya zamani. "Mama amejua. Mimi nimebeba."

Makokha aliketi, mwishowe, kwenye sakafu, mgongo ukutani. Alikumbuka kitu ambacho hakukikumbuka kwa miaka minane: mkono wa bibi arusi wake ukijaza kisanduku kwa wino, na kicheko chake mwenyewe. Kilimchoma sasa, akiwa amechelewa sana.

"Nisamehe," alisema. "Nilipaswa kukuletea wewe kwanza. Yote. Tangu zamani."

Khalayi alinyosha mkono.

"Hiyo ingine. Ile ya namba kumi na nne."

Akampa. Khalayi aliilaza kwenye paja, akatafuta kwa kidole mpaka akaipata. Alisoma kidokezo kwa sauti ndogo, ng'ombe hashibi, mwenyewe hulia, na hakufikiri hata kidogo, kwa sababu hakuna mwanamke wa soko la Jericho ambaye hangejua.

"Lete kalamu."

Makokha alipapasa mfukoni. "Kuna penseli."

"Nimesema kalamu."

Aliinuka, akaitafuta ya wino juu ya kabati, akampa. Khalayi alijaza herufi moja moja, kubwa, akikandamiza. Visanduku vilipokwisha alikuwa amebaki na herufi moja, basi akachora cha saba mwenyewe, nje ya mpaka, kimepinda, akaitia humo. Hakumwuliza kama ni sahihi. Alimrudishia karatasi, akachukua kisu na majani yake.

"Kesho sifungi chapati," alisema. "Utakulia hapa, umeketi."